Kutoka Garissa hadi Lenana: Panda treni, kisha umalizie kwa miguu

UMEIONA ile video. Treni inapanda polepole katikati ya theluji, abiria wamejifunika makoti mazito, mmoja anasogeza simu dirishani na huko nje ni weupe mtupu. Wewe uko Garissa, saa nane mchana, feni inazungusha joto lile lile, na unajiambia: hayo ni mambo ya Ulaya bana.

Hujakosea sana. Treni maarufu zaidi ya aina hiyo ni ile ya Jungfraujoch nchini Uswisi. Ilianza kufika huko juu tarehe 1 Agosti 1912, baada ya miaka 16 ya ujenzi na handaki la zaidi ya kilomita saba lililochimbwa ndani ya mwamba. Stesheni yake iko mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, na hakuna stesheni ya reli iliyo juu zaidi barani Ulaya. Tiketi ya kwenda na kurudi kutoka mji wa Interlaken hupita faranga 200. Ongeza nauli ya ndege, viza na hoteli, kisha funga simu ulale.

Lakini kabla hujalala, sikia hii. Kwenye njia ya Sirimon ya kupanda Mlima Kenya, kambi ya kwanza inaitwa Old Moses. Iko mita 3,300 hivi. Yaani usiku wako wa kwanza tu mlimani, umeshakaribia kulingana na stesheni hiyo ya Uswisi. Ukifika Point Lenana, mita 4,985, utakuwa umeipita kwa zaidi ya mita 1,500, na utakuwa umeupita hata Mont Blanc, mlima mrefu zaidi katika safu ya Alps.

Hakuna treni ya kukufikisha Lenana. Iko, hata hivyo, ya kukufikisha miguuni pa mlima. Na wewe wa Garissa una sababu ya kwenda ambayo mtalii wa Ulaya hana.

Maji yako yanatoka huko

Fungua mfereji nyumbani, au mwite kijana wa mkokoteni wa punda akuletee mitungi. Maji hayo ni ya Mto Tana. Migomba, maembe na matikiti yanayolimwa kandokando ya mto ni ya Tana. Na Tana haianzi Garissa. Huanza kama vijito katika Mlima Kenya na safu ya Aberdare, vikakusanyika, vikapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yanayozalisha umeme, ndipo mto ukafika chini ya daraja letu. Hadi ufike Bahari Hindi utakuwa umetembea takriban kilomita 1,000.

Kwa hivyo kinachotokea juu hutufikia chini. Si umesahau Novemba 2023? Mvua za El Nino zilipoipiga nchi, maji yalifunika barabara kati ya Madogo na Garissa, tukakatwa na nchi nzima. Aprili 2024 yakarudi tena. Watu walivuka kwa mashua pale walipozoea kuvuka kwa tuktuk. Miezi michache tu kabla ya mafuriko hayo, tulikuwa tumetoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa, mifugo ikafa kwa wingi Garissa, Wajir na Mandera.

Ndugu zako wa Wajir nao wamo. Mito inayoteremka upande wa Nanyuki, ukiwemo Naro Moru na Sirimon, haiji Tana. Huingia Ewaso Ng'iro, unaopita Isiolo na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian, karibu na Habaswein. Wakati wa kiangazi mto huo hukauka kabla ya kufika mbali, kwa sababu ya jua na pia kwa sababu watu na mashamba makubwa ya huko juu huyateka maji mapema. Mfugaji wa chini huona tu mchanga.

Tunalalamika kuhusu watu wa juu, nao wanalalamika kutuhusu. Ila ni vijana wangapi wa Garissa ambao wamewahi kusimama pale maji yanapoanzia? Waliokwenda Mombasa ni wengi. Waliokwenda Dubai wapo. Wa Lenana utawahesabu kwa vidole.

Ijumaa asubuhi, Nairobi

Kaunti zetu tatu hazijawahi kuwa na reli. Ramani za mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka wa 2012, zinaonyesha reli ikipita Garissa kuelekea Isiolo, lakini kwenye mchanga wetu hakuna hata taruma moja. Basi safari yako ya treni inaanza kwa basi: kilomita 370 hivi hadi Nairobi, kupitia Mwingi na Thika. Ondoka Alhamisi, lala kwa binamu Eastleigh.

Treni ya abiria ya Nanyuki ilirudi Desemba 2020, baada ya reli ya zamani kukarabatiwa. Kabla ya hapo, kizazi kizima kilikua kikiona nyasi zimemea juu ya vyuma. Kwa kawaida huondoka Nairobi Ijumaa asubuhi na kurudi kutoka Nanyuki Jumapili. Ratiba na nauli hubadilika, na mvua kubwa ikiharibu reli safari husimamishwa, kwa hivyo ulizia Kenya Railways wiki hiyo hiyo unayosafiri.

Tuelewane mapema: hii si SGR. Ni reli nyembamba ya zamani na treni haina haraka. Matatu iliyoondoka nawe Nairobi itafika Nanyuki, dereva ale chakula cha mchana, alale, na wewe bado uko njiani. Ukiwa mtu wa kuangalia saa utateseka. Kaa dirishani.

Kwanza utapita mitaa: Makadara, Dandora, Githurai. Nyumba ziko karibu na reli kiasi cha kuona chai ikichemka. Halafu Ruiru na Thika, mananasi, kisha ardhi inaanza kukunjamana. Kutoka Murang'a mbele hakuna tambarare tena. Udongo ni mwekundu, kila kipande cha mlima kimelimwa, kahawa huku, migomba kule, na treni inajipinda kufuata mabonde.

Karibu na Sagana, weka simu chini kidogo. Treni inavuka mto. Hapo unaitwa Sagana, ni mwembamba, una mawe na una kasi. Ukiuambia kuwa unaujua kwao utakuwa hujadanganya: ndio Tana huo, ukiwa bado mdogo.

Kisha Karatina, Kiganjo, Naro Moru. Hewa inayoingia dirishani sasa ina meno. Abiria wanaanza kutoa masweta. Wewe uliyetoka mita 150 juu ya bahari unakaribia 1,950, na hujapanda ngazi hata moja.

Utaangalia kulia kutafuta mlima na pengine hutauona. Usikasirike. Siku nyingi hujifunika wingu kabla ya adhuhuri, na treni hufika alasiri. Lala Nanyuki, amka kwa swala ya alfajiri, kisha toka nje. Utaona ncha mbili nyeusi zimechongoka angani, Batian mita 5,199 na Nelion mita 5,188, na Lenana pembeni. Yote matatu ni majina ya viongozi wa kiroho wa Wamaasai. Wakikuyu huuita mlima huo Kirinyaga.

Mlima na reli walifahamiana zamani

Mtu wa kwanza anayejulikana kufika Batian alisaidiwa na treni. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Miezi miwili baadaye Mwingereza Halford Mackinder alishuka hapo, akatembea hadi mlimani na msafara mkubwa wa wapagazi, wengi wao Waswahili na Wakikuyu. Septemba 13 mwaka huo akafika juu na waelekezi wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel.

Hadithi kali zaidi ni ya 1943. Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita katika kambi ya Nanyuki walitoroka, si kwa nia ya kurudi kwao, bali kupanda mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia seng'enge. Walijitengenezea vifaa kambini, na picha mojawapo waliyotegemea ilitoka kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Wawili kati yao, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto, wakafika Lenana, wakasimika bendera. Kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe wakafungwa tena.

Na usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya huko juu. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema mlima ni wa wazungu, mkumbushe jina hilo.

Una siku mbili au tano?

Kama una wikendi tu, inatosha kuonja. Jumamosi asubuhi chukua matatu ya barabara ya Timau na Meru, shuka njia panda ya Sirimon, boda ikupeleke kwenye lango, mita 2,650. Kutoka hapo hadi Old Moses ni kilomita tisa hivi, saa tatu au nne za kutembea. Utapita msitu wenye mbega, halafu miti itaisha ghafla na utabaki na nyasi na upepo. Kula, piga picha, shuka. Jumapili uko ndani ya treni.

Kama unataka Lenana, tenga siku tano na usahau treni ya kurudi, utarudi kwa matatu. Siku ya kwanza lala Old Moses. Ya pili tembea saa sita hadi nane hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200, kupitia bonde lenye lobelia na mimea mingine ya ajabu iliyosimama kama watu waliovaa makoti ya majani. Pimbi watakuja kuangalia una nini. Ya tatu usiende popote mbali, uache mwili uzoee. Ya nne mnaondoka saa nane au tisa za usiku kwa tochi za kichwani ili jua liwakute juu. Ya tano mnatoka langoni.

Usipande peke yako, hata kama unajiona fiti. Tafuta mwelekezi aliyesajiliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Nendeni wanne au watano mgawane gharama ya mwelekezi, mpishi na gari, na mkubaliane bei yote kabla ya kuondoka, ikiandikwa. Ada ya kuingia mbugani hulipwa kupitia eCitizen na Mkenya hulipa kidogo kuliko mgeni, bora aonyeshe kitambulisho. Wewe wa Garissa kuhusu kubeba kitambulisho huhitaji somo. Barabara ya Nairobi ilishakufundisha.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Aprili, Mei na Novemba ni matope. Ramadhani iache ipite, mwili unahitaji kunywa maji siku nzima huko.

Baridi si mchezo

Hapa ndipo watu wetu huumia. Ukizaliwa mahali ambapo nyuzijoto 35 ni siku ya kawaida, huna koti. Unachoita koti ni shati la mikono mirefu. Kambi ya Shipton's usiku hushuka chini ya sifuri na maji ya chupa huganda. Pitia mitumba ya Gikomba ununue koti la kuzuia upepo, sweta la sufu, suruali mbili za kuvaa moja juu ya nyingine, glavu na soksi nzito. Mfuko wa kulalia na viatu unaweza kukodisha Nanyuki au Naro Moru. Dada, kofia ya sufu inakaa vizuri juu ya hijabu, na hijabu yenyewe itakukinga masikio kuliko wenzako.

Chakula, mwambie mpishi mapema kuwa unakula halali, ikibidi mnunue nyama pamoja Nanyuki. Beba nyirinyiri. Nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa kwenye samli ilibuniwa kwa safari ndefu, na mlimani inashinda biskuti yoyote. Ongeza tende. Na kibla ni kama nyumbani: kaskazini, ikivutwa kidogo tu mashariki.

La hatari kuliko baridi ni hewa. Karibu na mita 5,000, oksijeni unayovuta ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Garissa. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Lakini kichwa kikizidi, ukitapika, ukianza kuyumba kama mlevi au kukohoa na kukosa pumzi hata umekaa, dawa ni moja: shuka, usiku huo huo. Usimfiche mwelekezi eti utaonekana dhaifu. Mlima huua vijana wenye misuli waliokataa kusema. Kama una pumu au shida ya moyo, muone daktari kabla hujalipa chochote.

Kile utakachokiona juu

Hatua za mwisho za Lenana ni mwamba, na pana vyuma vya kushikilia. Unapumua mara tatu kwa kila hatua. Halafu hakuna tena pa kupanda.

Chini yako kuna kitu cha kijivu, kidogo kuliko ulivyotarajia. Hiyo ndiyo barafu ya Lewis, au kilichobaki. Mwanzoni mwa karne iliyopita mlima huu ulikuwa na vipande 18 vya barafu ya kudumu. Vingi vimeshakwisha. Lewis yenyewe, ambayo wanasayansi wameipima kuliko zote, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mwaka wa 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lilionya kuwa huenda Mlima Kenya ukabaki bila barafu kabisa kufikia miaka ya 2030. Hesabu umri wako. Mdogo wako wa darasa la tatu akija hapa akiwa mkubwa kama wewe, huenda akaonyeshwa mahali tu.

Tusidanganyane lakini: si barafu hii inayoijaza Tana. Ni kidogo mno. Maji yetu hutokana na mvua inayonyesha mlimani, na msitu ule uliopita siku ya kwanza ndio unaoishika na kuiachilia pole pole. Msitu ukikatwa, mvua huteremka yote kwa pamoja ikawa mafuriko, kisha mto ukapungua kiangazi. Barafu ni dalili tu ya joto linaloongezeka. Msitu ndio tunaoweza bado kuutetea, na siku watu wa mabonde ya mito hii wakiitwa kuzungumza kuhusu maji, ni vizuri Garissa na Wajir wapeleke kijana aliyeuona kwa macho.

Sasa geuka. Magharibi, maji ya Lewis yanateremka kuelekea Naro Moru, kisha Ewaso Ng'iro, kisha upande wa Habaswein. Mashariki kuna bonde refu lenye ziwa chini yake. Maji ya huko huingia Mto Nithi, na Nithi huenda Tana. Umesimama katikati ya mto wa Wajir na mto wa Garissa.

Kaa dakika chache, upepo hautakuruhusu zaidi. Piga picha yako utakayoweka mtandaoni. Halafu shuka, rudi nyumbani, na jioni moja nenda pale darajani utazame maji yakipita. Wiki nzima wamekuwa njiani kama wewe.